Tundu la Bolti

Katika kila kazi ya mikono kuna sehemu inayoonekana na sehemu iliyofichwa. Seremala husifiwa kwa meza inayong'aa, wala hakuna aulizaye habari za ulimi uliojificha ndani ya kiungo. Mwashi husifiwa kwa ukuta ulionyooka, hali msingi umelala chini ya ardhi bila shukrani. Katika kazi ya kutengeneza injini, sehemu hiyo iliyofichwa ni tundu la bolti. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa mwanagenzi na baadaye nikiwa fundi. Kama mtu angeniuliza ni mahali gani ambapo tabia ya fundi hupimwa, nisingemwonyesha injini inayonguruma. Ningemwonyesha tundu jembamba, lisilopita upana wa kidole, katika bloku ya injini iliyofunguliwa, kisha ningemwambia achungulie chini kabisa.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona injini ikiwa wazi, yafaa nieleze kwanza umbo lake. Bloku ni pande zito la chuma cha kusubu, au katika magari mengi ya siku hizi, la alumini. Ndani yake mmetobolewa silinda, na ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka. Juu ya bloku huwekwa kifuniko kizito ambacho mafundi hukiita silinda hedi. Kati ya vitu hivi viwili hulazwa gasketi, ambayo unene wake haupiti sana jalada la daftari. Kazi ya gasketi ni kutenganisha vitu vitatu visivyopaswa kukutana: moto wa silinda, maji ya kupozea na oili. Lakini gasketi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake yote ni ya kuazima, nayo huiazima kwa bolti zinazopita katika silinda hedi na kuingia katika matundu ya bloku. Kila tundu limechongwa michirizi ya mzunguko iitwayo hesi, na kila bolti ina hesi zilizo sawa na za tundu lake. Zikishikana, hushikana kama vidole vya mikono miwili.

Ni nguvu kiasi gani inayotakiwa? Aliye na kalamu na apige hesabu pamoja nami. Tuseme silinda ya injini ya dizeli ina upana wa milimita 100. Eneo la mdomo wake ni kama sentimita mraba 78. Mafuta yanapowaka, msukumo katika injini nyingi za dizeli hufika kilo 100 kwa kila sentimita mraba, na pengine hupita hapo. Zidisha, nawe utapata kilo 7,800, yaani karibu tani 8 zinazoisukuma silinda hedi kwenda juu. Tena jambo hili halitokei mara moja. Injini ya mipigo minne inayozunguka mara 2,000 kwa dakika huwasha moto mara 1,000 kwa dakika katika kila silinda. Lori likipanda mlima kwa nusu saa, kila silinda imepiga mara 30,000. Mbele ya mapigo hayo yote hakuna kizuizi kingine ila bolti chache na hesi zilizo gizani.

Watu wengi hudhani kuwa bolti hushika kama msumari unavyoshika ubao. Sivyo. Bolti ni kamani. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alitangaza kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huisoma, kwamba kamani hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta. Tukaziapo bolti huwa tunaivuta, nayo hurefuka kidogo mno, kiasi cha unywele au nywele chache. Ile hamu yake ya kurudi katika urefu wake wa kwanza ndiyo inayoibana silinda hedi juu ya bloku. Bolti isiyovutwa haibani kitu, hata kama imekazwa mpaka mkono ukauma.

Hapa ndipo hila ya uchafu ilipo. Fundi hukaza bolti kwa spana ya kupimia nguvu. Huiwekea kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa injini, huzungusha, na kipimo kikifika, spana hulia tik. Lakini spana ile haijui bolti imevutwa kiasi gani. Ijualo ni jambo moja tu, nalo ni ugumu wa kuizungusha. Katika kila sehemu 100 za jitihada ya mkono, takriban 50 huliwa na msuguano ulio chini ya kichwa cha bolti, takriban 40 huliwa na msuguano wa hesi, na 10 tu ndizo zinazobaki kuivuta bolti. Basi hesi zikiwa na kutu, au masizi, au gundi ya zamani iliyokauka, msuguano huongezeka. Ukiongezeka mara mbili ndani ya hesi, mvutano wa bolti hupungua kwa zaidi ya robo, na kumbe spana imelia tik ile ile, kwa sauti ile ile. Fundi hujifuta jasho akaridhika. Spana haikusema uongo. Imejibu kweli swali ambalo halikuwa swali letu.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa kuna kitu kigumu chini ya tundu, mathalani kipande cha chuma au mchanga ulioshindiliwa. Bolti hushuka mpaka ikakigonga kitu hicho kabla kichwa chake hakijaibana silinda hedi barabara. Ugumu hupanda ghafula, spana hulia, na bolti ile husimama pale kama askari aliyelala usingizi akiwa wima.

Tena kuna uchafu ulio laini, nao ndio wa kuogopwa kuliko wote: maji au oili iliyotuama katika tundu lenye mwisho. Mfaransa Blaise Pascal, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba kimiminiko kilichofungiwa hupeleka msukumo wake pande zote kwa kiasi kile kile. Maji hayakubali kushindiliwa. Bolti yenye upana wa milimita 12 yaweza kubana kwa nguvu ya tani 5, na eneo la tundu lake limezidi kidogo tu sentimita mraba 1. Ikiwa maji yamefungiwa chini yake bila njia ya kutokea, huanza kuusukuma ukuta wa tundu kwa nguvu ya tani kadha kwa kila sentimita mraba. Na chuma cha kusubu, msomaji, ni kigumu sana kikibanwa, lakini ni dhaifu kikitanuliwa. Tundu hupasuka kama gogo lililopigwa kabari.

Uchafu huu hutoka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako. Sehemu ya uchafu ni kutu na masizi ya miaka mingi, lakini sehemu kubwa huletwa na mikono ya fundi mwenyewe. Silinda hedi inyanyuliwapo, maji yaliyosalia katika njia zake hutiririka juu ya bloku na kutafuta mahali pa chini, na mahali pa chini ni matundu. Gasketi ya zamani ikikwanguliwa, vipande vyake huangukia humo humo. Bloku ikisuguliwa kwa msasa ili ing'ae, chenga za msasa hufuata njia hiyo hiyo. Basi jitihada ya kusafisha panapoonekana huweza kuchafua pasipoonekana. Fundi mwenye akili huyaziba matundu kwa vitambaa au kwa bolti kuukuu kabla hajaanza kukwangua.

Mwaka 1996, nilipokuwa bado mwanagenzi, lililetwa kwetu lori la kuchukulia maziwa kutoka Kinangop. Lilikuwa mali ya wafugaji kadha waliochanga fedha kwa miaka mingi kulinunua. Gasketi yake ilikuwa imeungua, wakalipeleka katika karakana moja ya njiani, wakatengenezewa kwa alasiri moja tu. Walifurahi kwa siku tatu. Siku ya nne oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, na maji ya rejeta yakawa yanapungua bila kuonekana yanakomwagika. Tulipoifungua injini, fundi wangu hakuitazama gasketi kwanza. Aliingiza waya katika matundu ya bolti, moja baada ya jingine, na katika matundu mawili ya nyuma waya ulitoka umelowa. Aliipaka bloku mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka, kisha akaisugulia unga wa chaki nyeupe. Tulisimama tukangoja. Baada ya kitambo kidogo mstari mwembamba ulijichora wenyewe juu ya chaki, kwa mafuta yaliyokuwa yakirudi nje kutoka ndani ya ufa. Ulianzia katika tundu moja la nyuma. Upande mmoja ulifika njia ya maji, na upande wa pili ulifika njia ya oili.

Aliyelitengeneza kwanza aliitwa, naye alikuja bila ugomvi. Alisema kwamba gasketi ilikuwa mpya, kwamba alifuata kipimo cha kitabu, na kwamba spana ilikuwa imelia kwa kila bolti. Sikuona dalili ya uongo katika uso wake. Alipoulizwa kama aliyakausha matundu, alinyamaza, kisha akasema kwamba wenye gari walikuwa na haraka.

Mzee mmoja katika wale wafugaji aliomba aonyeshwe tundu lenyewe. "Liko wapi hilo, fundi?" aliuliza. Fundi wangu akamwambia, "Ni hili hapa, mzee." Mzee akatia kidole chake cha mwisho, nacho hakikufika chini. Akakitoa, akakitazama, akasema, "Kumbe ng'ombe wetu wote tumewakamulia humu?" Hakuna aliyecheka. Bloku ile haikufaa tena, na ilibidi itafutwe nyingine. Muda wote huo maziwa yalipelekwa kwa mikokoteni ya punda. Ya asubuhi yalichelewa, na ya jioni mara nyingi yalichacha yakamwagwa. Baadhi ya watoto wa wafugaji wale walikuwa shuleni, na karo yao ilikuwa ndani ya madebe yale.

Tangu siku ile sijapata kuiona kazi ya kusafisha matundu kuwa kazi ya kumwachia mtoto anayejifunza ili mkubwa akanywe chai. Nitaeleza jinsi ifanywavyo, kwa sababu maarifa haya hayahitaji mashine kubwa, na kijana yeyote mwenye subira aweza kuyapata.

Jambo la kwanza ni kujua hali ya kila tundu. Mulika kwa tochi. Pima kina kwa waya safi, ukitia alama, kisha linganisha matundu yaliyo ya namna moja. Tundu lililo fupi kuliko wenzake lina kitu ndani. Yajue pia matundu yasiyo na mwisho, yale yanayotoboka hadi katika njia ya maji, maana bolti za matundu hayo hutaka kupakwa gundi ya kuzuia maji.

Jambo la pili ni kulegeza. Uchafu ulioganda haufai kupigwa nyundo. Utie mafuta mepesi yanayopenya, uuache unywe, hata kama ni usiku kucha. Kisha uchokore taratibu kwa sindano ya chuma. Kipande cha chuma cha pua huweza kuvutwa kwa kijiti chenye sumaku. Kipande cha alumini au cha gasketi hakijali sumaku. Basi paka grisi nzito kwenye ncha ya kijiti, kishushe, kibonyeze, nacho kitapanda nacho. Nimewaona vijana wakishangaa kwamba tone la grisi limefaulu mahali ambapo koleo limeshindwa.

Jambo la tatu ni kusafisha hesi. Wengi hukimbilia chombo cha kukatia hesi, kiitwacho tapu. Chombo hicho ni kizuri, lakini kiliumbwa kukata, nacho hakijui tofauti ya kutu na chuma kizima. Kila kikipita huondoa kidogo, na hesi zilizopunguzwa hushika kidogo. Aidha, hesi si za namna moja. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa Waingereza mwaka 1841, chenye pembe ya digrii 55, lakini hesi za milimita, ambazo ndizo za magari ya Japani, zina pembe ya digrii 60. Atiaye chombo cha namna hii katika tundu la namna ile ameharibu kwa dakika moja kitu kilichodumu miaka 40. Njia iliyo salama ni chombo cha kusafishia kisichokata. Asiyekuwa nacho huchukua bolti kuukuu ya injini ile ile, akaichanja mifereji miwili au mitatu kwa msumeno wa chuma kufuata urefu wake, akaondoa makali yaliyochongoka kwa tupa. Bolti hiyo huingizwa kwa mkono ikiwa na mafuta kidogo: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Uchafu hujaa ndani ya mifereji. Itoe, ifute, irudishe. Ikikaza, usishindane nayo.

Jambo la nne ni kuosha na kukausha. Osha kwa mafuta ya taa na brashi nyembamba, wala usitumie petroli, kwa kuwa mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Kisha ingiza mrija mwembamba wa upepo wa kompresa hadi chini kabisa, ukiwa umezungushia kitambaa mdomoni mwa tundu. Upepo ukipulizwa kutoka juu hushindilia uchafu; ukipulizwa kutoka chini huupandisha. Vaa miwani ya kukinga macho, na uzifunike silinda na njia za oili, usije ukaupeleka uchafu mahali pabaya zaidi. Maliza kwa kitambaa kikavu kwenye kijiti. Kitambaa kikitoka na alama, rudia.

Pengine kilichokwama ndani ni bolti yenyewe iliyokatika. Huu ndio mtihani mkubwa. Ikiwa kipande kimechomoza, mafundi huchomelea nati juu yake. Joto la moto hulegeza kutu, na nati huwa mahali pa kushikia spana. Ikiwa kimezama, hupigwa alama katikati barabara, hutobolewa kwa keekee, kisha hutiwa chombo chenye hesi za kushoto ambacho huuma kadiri kinavyozungushwa kwa upande wa kufungulia. Lakini chombo hicho ni kigumu na chepesi kuvunjika, na kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa tena. Mwenye pupa huanza na tatizo moja akamaliza na mawili.

Mtu ataniuliza ni nani atakayelipia muda huu wote. Injini ya silinda nne mara nyingi huwa na bolti 10 za silinda hedi, na nyingine huwa nazo 18. Ukitumia dakika tano kwa kila tundu, ni dakika 50 kwa ile ya kwanza na saa moja na nusu kwa ile ya pili. Mteja ameketi juu ya jiwe kando ya karakana, akitazama saa, wala haoni kitu kinachoongezeka. Gasketi mpya ataiona, na oili mpya ataiona. Tundu safi hataliona kamwe, kwa sababu kazi ikimalizika limekwisha fungwa na bolti yake, nalo litakaa gizani mpaka injini ifunguliwe tena. Nimejifunza kumwita mteja aje achungulie kabla na baada. Wachache hukataa. Wengi wakisha kuona, haraka yao hupungua, na hawaulizi tena kwa nini jina la kazi hiyo limeandikwa katika hesabu yao.

Nanyi vijana mnaosoma kurasa hizi, pengine wengi wenu hamtashika spana maishani. Hata hivyo mtaishi katikati ya vipimo. Mtapimwa kwa alama za mitihani, na baadaye nanyi mtawapima wengine kwa hesabu za fedha, kwa tarakimu za mavuno, kwa idadi ya wagonjwa waliotibiwa na barabara zilizojengwa. Kila kipimo kati ya hivyo ni spana. Kitalia tik kikifika mahali pake, nacho hakitajua kilichofanya mzunguko uwe mgumu. Mwanafunzi aliyekariri majibu na mwanafunzi aliyeelewa huweza kupata alama moja, na tofauti yao haionekani mpaka mlima ufike. Hapana haja ya kudharau vipimo kwa ajili hiyo; mimi sikazi bolti hata moja bila kupima. Yafaa tu kuuliza, kabla ya kuiamini tarakimu, kuna nini chini yake.

Katika karakana swali hilo lina jibu rahisi, na kila mwanagenzi wangu hulifanya kabla ya gasketi kufunguliwa katika karatasi yake. Huchukua bolti safi, huiingiza katika kila tundu, na kuizungusha kwa vidole viwili tu. Ikikwama katikati, hurudi kwenye brashi. Ikishuka mpaka chini bila kunung'unika, ndipo anapoweza kwenda kuichukua spana.